Jana Nilipita Hapa

Bwana wa kisa hiki hana jina, maana kisa chenyewe kimetungwa kwa ajili ya funzo, lakini anayeishi Tanga anamjua mtu wa aina yake. Ni mtu mzima wa Makorora, ana duka la vifaa vya ujenzi, na ana gari dogo lililotoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Ni mwangalifu katika mambo yake yote. Hesabu za duka hazilali, ada za watoto zinalipwa kabla ya kudaiwa, na msiba wa jirani haumpiti.

Mwishoni mwa Machi alipeleka gari gereji kumwaga oili. Kijana wa gereji, gari likiwa juu ya jeki, alipitisha kidole kwenye tairi la nyuma.

"Mjomba, hapa kashata imekwisha. Na hili la kushoto lina nyufa ubavuni. Masika haya usiende nalo mbali."

"Si jana limenifikisha Korogwe na kurudi?"

"Jana palikuwa pakavu, mjomba."

"Mwezi ujao nitakuja tubadilishe, mwanangu. We weka oili."

Mwezi ujao haukufika kabla ya mwaliko wa harusi Muheza. Waliondoka Tanga mchana, mke mbele, watoto wawili na shangazi yao nyuma. Mvua iliwakuta wamekwisha kupita Pongwe. Barabara ile hubeba malori ya saruji na ya mizigo ya bandarini, na pale yanapokanyaga magurudumu yao lami imebonyea, ikawa kama mifereji miwili inayokwenda sambamba. Maji yalikuwa yamejaa humo. Bwana alikuwa na spidi 80, ile ile anayoendeshea siku zote. Ghafla usukani ukawa mwepesi mkononi, hauna uzito wowote, kisha nyuma ya gari ikaanza kutafuta upande wake yenyewe. Akakanyaga breki. Gari likazunguka, likavuka upande wa pili wa barabara na kutua mtaroni kwa ubavu. Kwa rehema za Mungu hapakuwa na lori lililokuwa linakuja. Mke alivunjika mkono, na mtoto mdogo alishonwa kichwani katika hospitali ya Muheza.

Ukimuuliza atakwambia mvua ndiyo iliyompindua. Mimi nasema alipinduliwa na lile jibu alilotoa gereji. Hakusema uongo, kwa sababu kweli gari lilikuwa limemfikisha Korogwe na kurudi. Kosa lake ni kumchukua jana awe shahidi wa jambo ambalo jana hakuliona. Safari ya pakavu inathibitisha kwamba tairi linafaa pakavu, basi.

Kwetu pwani hii, kuanzia Mkinga hadi Pangani, gari haliharibiwi na masika. Linaharibiwa na kaskazi. Tangu Desemba hadi Machi jua linaunguza, upepo unapeperusha chumvi ya bahari hadi uani, na kila kilicho cha mpira kinakauka taratibu bila mtu kuona. Mpira wa wipa unakakamaa. Vichwa vya betri vinaota ule unga mweupe au wa kijani. Plastiki ya taa za mbele inageuka manjano. Na miezi yote hiyo hakuna kinachokusuta, kwa sababu wipa haziwashwi, na tairi kipara kwenye lami kavu linashika vizuri tu. Masika yanapofunguka, vitu vyote hivyo vinatakiwa kufanya kazi katika siku moja, na aghlabu katika dakika moja. Ndiyo maana wakati wa kukagua gari ni Februari, fundi akiwa na nafasi na wewe ukiwa na siku ya kungoja. Anayekuja gereji mvua ikiwa imeshaanza anakuta foleni ya wenzake, na anaondoka na kilichopatikana.

Nianze na tairi, na hapo nitakaa kidogo, kwa kuwa ndicho kitu pekee cha gari kinachogusa barabara. Kashata haikuwekwa kwa urembo. Ile mifereji kazi yake ni kunyonya maji yaliyo chini ya tairi na kuyatupa pembeni, lita nyingi kwa kila sekunde, ili mpira ukute lami. Mifereji ikiwa mifupi, au mwendo ukiwa mkubwa kuliko uwezo wake, maji yanakosa pa kwenda. Yanajikusanya mbele ya tairi, yanaingia chini yake na kulinyanyua. Kuanzia hapo huendeshi tena. Gari linateleza juu ya maji, na usukani na breki havina cha kushika. Ule wepesi alioukuta bwana wetu mkononi ndiyo dalili yenyewe. Dawa yake ni kuondoa mguu kwenye mafuta, kuushika usukani umenyooka, na kungoja gari lipunguze mwendo lenyewe mpaka matairi yaguse chini. Breki ya ghafla katika hali ile ndiyo inayozungusha gari.

Kupima si kazi ya kitaalamu. Chuchumaa, angalia ndani ya mifereji mikubwa ya tairi. Utaona vijiti vidogo vya mpira vilivyokatiza chini ya mfereji. Kashata ikishuka ikalingana navyo, imebaki milimita 1.6, na hicho ndicho kikomo cha sheria katika nchi za Ulaya. Lakini kikomo hicho ni cha mwisho kabisa. Watu wanaopima breki kwenye lami yenye maji wanashauri tairi libadilishwe likiwa bado na milimita 3, kwa sababu chini ya hapo umbali wa kusimama unarefuka haraka. Pima pia ubavu wa ndani, ule usiouona ukisimama pembeni. Magari yetu mengi yamechoka bushi, na tairi huliwa upande wa ndani huku nje likionekana zima.

Kisha soma umri wake. Ubavuni mna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2316, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, na hata kama kashata yake ni ndefu, mpira wake umekwisha kukakamaa kwa jua la hapa. Na kwa magari yanayoshushwa kutoka Japani liko jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Baadhi huja na matairi ya theluji, yameandikwa ubavuni STUDLESS. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi kali. Kwenye joto la Tanga unakwisha upesi, na kwenye lami yenye maji haushiki kama tairi la kawaida. Mwenye gari huviona vijimkato vingi vya kashata akadhani amepata tairi zuri. Ukilikuta neno hilo, litoe. Na upepo ujaze kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tairi lililopungua upepo hunyanyuliwa na maji mapema zaidi.

Baada ya tairi, kioo. Mpira wa wipa ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa kwenye gari, na ukiacha mistari ya maji mbele ya macho yako usiku, njia ya Hale kuelekea Segera, huku lori linakuja na taa kali, utatamani ungeulipa mara kumi. Inua wipa, pitisha ukucha kwenye ukingo wa mpira. Ukiwa mgumu au umechanika, badilisha. Kioo chenyewe kina utando wa moshi na mafuta ya malori usioonekana mchana, basi ukioshe kwa sabuni, nje na ndani. Ukungu wa ndani usiufute kwa kiganja, kwa kuwa kiganja kina mafuta na kesho utarudi mzito zaidi. Washa kiyoyozi ukielekeze kiooni, hata kama unasikia baridi, kwa sababu kiyoyozi kinakausha hewa. Na taa za mbele ziwashwe hata mchana mvua ikiwa kubwa. Hazadi si za kuendeshea. Anayewasha hazadi akiwa mwendoni anawanyima walio nyuma yake kujua anakata kona upande gani, na wanapoliona gari lililoharibika kweli barabarani hawalitofautishi na lake.

Breki zina adui wawili kwetu. Wa kwanza ni chumvi inayokula diski na pini za kalipa, mpaka upande mmoja ukashika kabla ya mwingine. Pakavu utahisi gari linavutwa kidogo tu, kwenye utelezi litageuka. Adui wa pili ni unyevu. Oili ya breki ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya pwani imejaa unyevu. Oili iliyonyonya maji inachemka mapema breki zikipata moto. Mtu wa Raskazoni anayezunguka mjini anaweza asilijue jambo hili maisha yake yote. Siku akipeleka wageni Lushoto, akirudi kushuka kwenda Mombo kwenye kona zile huku amekanyaga breki mwanzo hadi mwisho, atalijua. Badilisha oili hiyo kila miaka miwili, na mlimani shuka kwa gia ndogo, injini ikusaidie kulizuia gari.

Kipo kitu kingine, kidogo mno, ambacho hata mafundi hukisahau. Fungua boneti, tazama chini ya kioo cha mbele, zinapolala wipa. Kule pembeni kuna vitundu vya kutolea maji. Gari linalolala chini ya mwarobaini au mwembe, na miji yetu imejaa miti hiyo, vitundu vyake huziba kwa majani yaliyooza. Maji ya mvua yakikosa kutoka yanapitia njia ya hewa na kuingia ndani ya gari, yanaloweka kapeti na nyaya zilizo chini yake. Kisha gari linaanza ugonjwa wa umeme usioeleweka, na pesa nyingi zinakwenda kutafuta kilichosababishwa na konzi moja ya majani.

Na mvua za kwanza ziogopwe kuliko za katikati ya msimu. Miezi ya kaskazi lami imekusanya vumbi, mafuta na mabaki ya mpira. Manyunyu ya nusu saa ya kwanza yanavichanganya vyote vikawa utelezi, kabla mvua kubwa haijausafisha. Ongeza udongo mwekundu ambao malori na matrekta yanatoka nao kwenye mashamba ya katani na ya machungwa, ukaachwa kwenye lami pale njia za vumbi zinapoingia barabara kuu. Sehemu hizo punguza mwendo kabla hujazifikia, maana ukipunguza ukiwa juu yake umechelewa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna fundi anayeweza kulitengeneza, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini. Ukimaliza yote niliyoyasema, una gari lililo tayari kwa mvua. Huna gari lililo tayari kwa mto. Tena mwenye matairi mapya na gari la juu ndiye anayeshawishika zaidi kuingia majini, kwa sababu anajiamini.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 12 Aprili 2024, basi dogo lilikuwa linapeleka watoto shule jijini Arusha. Mvua ilikuwa imenyesha, na korongo kwenye njia yao lilikuwa linapitisha maji kwa nguvu. Basi likaingia, maji yakalichukua. Watoto 8 walifariki, na pamoja nao mtu mmoja aliyejitosa kuokoa. Msimu ule ule, tarehe 25 Aprili, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko vilikuwa vimeua watu 155 nchini. Miaka miwili na ushei kabla ya hapo, tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wanakwenda harusini liliingia kwenye daraja la mto Enziu, karibu na Mwingi katika kaunti ya Kitui, Kenya, daraja likiwa limefunikwa na maji. Watu walikuwa wamesimama ng'ambo wanatazama, wengine wanapiga video. Basi lilikwenda kwa hatua chache, likainama, likazama. Zaidi ya watu 30 walikufa. Na mkoa wetu wenyewe haujasahau Oktoba 2019, mvua za vuli zilipopiga Handeni na Korogwe, zikaua watu na kukata barabara.

Korongo la njia ya shule au daraja la mto wa msimu hupitwa asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi, kukiwa na mchanga mkavu au maji ya kisigino. Dereva amelijua kila jiwe. Maji yanapolifunika, bado analiona lile la jana akilini, na analiendea hilo. Ni jibu lile lile la gereji, safari hii likiwa na roho nyingi ndani yake.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina ubishi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Gari dogo lenye uzito wa tani moja, urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.6, linaanza kuelea maji yakipanda sentimita 16 tu juu ya chini ya bodi yake. Ni kimo cha kalamu. Kabla halijaelea tayari limepungua uzito, na matairi yake hayashiki tena. Hapo maji yanayokwenda yanalisukuma ubavuni, na nguvu yake haiongezeki kwa kadiri ya mwendo: mwendo wa maji ukizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Ndiyo maana maji ya sentimita 30 yanaondoka na magari mengi madogo, na ya sentimita 60 yanaondoka hata na yale makubwa ya porini. Na hiyo ni kama barabara bado ipo. Maji ya rangi ya chai hayakuonyeshi kwamba kalavati limekatika au ukingo wa lami umeliwa chini kwa chini.

Hata maji yaliyotulia yana madhara yake. Magari mengi madogo huvutia hewa ya injini kwa bomba lililo mbele, karibu na taa. Ukiingia dimbwini kwa kasi, unasukuma wimbi linalofika pale, na injini inakunywa maji. Hewa inakubali kubanwa na pistoni. Maji hayakubali, na kinachopinda ni koni rodi. Gari likizima majini usiliwashe tena, lisukumwe nje na fundi afungue plagi kwanza. Mwenye bima ndogo akumbuke kwamba haimlipi gari lake mwenyewe.

Mito yetu ina tabia yake. Zigi inatoka milima ya Amani hadi bahari ya Tanga kwa mwendo mfupi, Umba inashuka Usambara na kukata Mkinga. Mvua inanyesha mlimani ambako wewe hukuiona, na maji yanakukuta bondeni chini ya jua. Mto ukigeuka rangi ghafla, au ukianza kubeba matawi, maji zaidi yako njiani. Na karibu na mikoko kuna siku za bamvu, bahari inapojaa mno mpaka mifereji ya mvua ikashindwa kumwaga. Muulize mvuvi yeyote, atakwambia saa ya kujaa na ya kupwa. Habari njema ni kwamba vijito vinavyoshuka Usambara, kama vinavyopanda haraka, vingi hushuka haraka. Anayengoja kwa kawaida anangoja saa chache.

Na abiria wana sauti, waitumie. Aliyelipa nauli ana haki ya kusema "nishushe hapa" kabla gari halijagusa maji, na mmoja akishuka wengine hupata ujasiri. Watoto wa basi la shule hawana sauti hiyo, kwa hiyo mzazi amwambie dereva na mwalimu mkuu mapema, kabla ya Machi, tena kwa maneno ya wazi: maji yakifunika njia, watoto warudishwe nyumbani, na hatutauliza kwa nini wamekosa masomo. Dereva anayejua hatalaumiwa kwa kuchelewa ndiye anayeweza kusimama. Vivyo hivyo kwa safari za harusi na misiba. Kabla ya kutoka nyumbani, mpigie simu anayekungoja, mwambie mvua ni kubwa na huenda mkafika usiku au kesho asubuhi. Beba maji ya kunywa, chakula kidogo na simu yenye chaji, ili utakapokuta mto umejaa, usiwe na mtu wala njaa inayokusukuma kuuvuka.